Kona Haimtupi Mtu

Nina ugomvi na neno moja: kutupwa. Panda matatu yoyote kutoka Mtwapa kwenda Kilifi. Dereva akikata kona kwa fujo, abiria wote wanalaliana upande mmoja, mama aliyepakata kuku anaanza kulalamika, na makanga anacheka, "Shikilieni wazee, kona inatupa!" Tumelisema hilo tangu utotoni na hakuna anayeshtuka.

Mimi nasema hivi, na mkitaka kunirushia mawe rusheni: kona haimtupi mtu. Haijawahi. Na kwa vile tunaamini inatupa, kuna wanafunzi wa kidato cha nne wanaopoteza alama za bure kwenye fizikia, na kuna mabro wa bodaboda wanaoacha ngozi yao kwenye lami. Leo kuna hesabu kidogo, lakini usikimbie. Ni fomula moja tu, na tutaitembeza kutoka kisimani hadi angani.

Likizo ya Agosti nilikuwa nyumbani Junju. Kwa wasiokujua, ni Kilifi Kusini, unaacha barabara kuu ya Mombasa–Malindi unaingia ndani kwenye minazi na mihogo. Huko nina mdogo wangu, binti wa baba mdogo. Yuko kidato cha nne, shule ya kutwa, na KCSE inamsubiri Novemba. Anataka kusomea kazi ya maabara ya hospitali. Ndoto yake ni hiyo tangu darasa la sita na hajawahi kuibadilisha.

Shida ni kwamba fizikia darasani kwao imebaki na wasichana wanne. Wengine walishashawishika kwamba si somo lao. Na yeye alikuwa amefika kwenye mada ya mwendo wa duara, akakwama. Aliniambia bila hata kuinua macho: "Kaka, hii naiacha. Nitajaza alama kwingine."

Fomula zote alizijua. Ungemwamsha saa nane za usiku angekutajia bila kukosea. Lakini swali likija limebadilishwa nguo kidogo, anapotea. Basi nikamwambia anionyeshe michoro yake badala ya hesabu. Kila mchoro, gari, jiwe, ndoo, alikuwa amechora mshale unaotoka kwenye duara kwenda nje.

"Huu mshale wa nje ni wa nani?"

"Wa ile nguvu inayotupa."

"Inatupwa na nani?"

Akafikiria. "Na kona."

Unaona? Tatizo halikuwa hesabu. Tatizo lilikuwa makanga.

Hatukugusa kalamu. Nilitafuta kamba ya katani, nikafunga kidaka cha nazi kilichodondoka, tukatoka uani. Nikamwambia: nitakizungusha hiki juu ya kichwa, halafu nitaiachilia kamba wakati kidaka kiko sawasawa kati yangu na mlango wa jikoni. Kitaenda wapi? Akasema bila kusita: mlangoni. Kama kuna kitu kinakitupa nje, basi kitatoka kwangu kiende nje moja kwa moja, si ndiyo?

Nikazungusha, nikaachilia. Kidaka hakikwenda mlangoni. Kilikwenda pembeni, njia ile kilikokuwa kinaelekea wakati ule ule, kikagonga banda la kuku. Kuku wakaruka, nyanya akatuita majina ambayo siwezi kuyaandika hapa. Tukarudia mara tatu (mbali na kuku). Kila mara, pembeni.

Hapo ndipo mada nzima ilipo. Kitu kinachotembea, kikiachwa peke yake, kinaenda mbele kwa mstari ulionyooka. Hakina hamu ya kupinda. Newton aliliandika hilo mwaka 1687, lakini kombeo limekuwa likilisema miaka mingi kabla yake. Ukitaka kitu kipinde, lazima mtu akivute au akisukume kuelekea katikati ya duara, na aendelee bila kupumzika. Kamba ilikuwa inafanya kazi hiyo. Nilipoiachilia, kidaka hakikutupwa. Kiliachiliwa.

Kwa hivyo nikamwambia afute mishale yote ya nje. Na kabla ya kuandika fomula yoyote, aulize swali moja: nani anakivuta au kukisukuma hiki kitu kuelekea kati?

Ukishampata huyo, unaandika kwamba kani yake ni sawa na tungamo mara kasi mara kasi, gawanya kwa nusukipenyo cha duara. Basi. Vitabu vinaiita kani ya kuelekea kitovu, na wengi wanadhani ni kani nyingine mpya ya kuongezwa kwenye mchoro. Sivyo. Hicho ni cheo, si mtu. Ni kama umakanga: leo anafanya huyu, kesho yule, kazi ni ile ile. Kwenye kombeo kazi hiyo inafanywa na mkazo wa kamba. Barabarani inafanywa na msuguano wa tairi na lami. Angani inafanywa na mvutano wa dunia. Ukisoma swali, mtafute mwenye zamu.

Tukaanza na ndoo, lile swali la kila mwaka. Unazungusha ndoo ya maji wima, inapita juu ya kichwa ikiwa imepinduka, na maji hayamwagiki. Tuseme kutoka begani hadi kwenye maji ni mita 0.9. Kasi ya chini kabisa ni ipi?

Ndoo ikiwa juu kabisa, kati ni chini yake. Nani anayavuta maji kuelekea chini? Uzito wake yenyewe. Kwa kasi ile ya chini kabisa, uzito peke yake unatosha, ndoo haina haja ya kuyasukuma. Basi tungamo mara 10 ni sawa na tungamo mara kasi ya kipeo cha pili, gawanya kwa 0.9. Tungamo liko pande zote mbili, linakatika. Kasi ya kipeo cha pili inakuwa 10 mara 0.9, yaani 9. Kasi ni mita 3 kwa sekunde. Ndoo ijae au iwe nusu, jibu halibadiliki. Duara lenyewe lina mzingo wa karibu mita 5.7, kwa hivyo ukizungusha kwa kasi hiyo, mzunguko mmoja hauzidi sekunde 2. Ukizembea, unaoga.

Akauliza swali zuri: "Lakini kaka, kama hakuna kinachoyasukuma maji juu, mbona hayaanguki?"

Yanaanguka! Yanaanguka kabisa. Ila yana kasi ya pembeni, na ndoo inapinda njia ile ile yanayoangukia. Yanaanguka huku ndoo inayawahi. Shika hilo, tutalihitaji mbele.

Sasa mjomba alikuwa amekaa kwenye pikipiki yake chini ya mwembe, anajifanya anaangalia simu. Mjomba ni bodaboda, na mwaka uliopita alianguka kwenye kona baada ya mvua. Alivunjika mfupa wa bega, akakaa nyumbani karibu miezi mitatu bila kipato. Abiria alipona na michubuko. Tangu siku ile akisimulia, husema pikipiki "ilinitupa", kama punda mkorofi. Akatuita: "Hebu nipigieni na hiyo kona yangu."

Tukaipiga. Tuchukulie kona yenye nusukipenyo cha mita 40. Nani anaisukuma pikipiki kuelekea kati? Si usukani. Usukani unageuza tairi tu. Ni msuguano wa tairi na barabara, na msuguano una kiwango chake, hautoi zaidi ya hapo. Tuseme lami ni kavu na tairi ni zima, msuguano unaweza kufika 0.7 ya uzito. Kasi ya kipeo cha pili ni 0.7 mara 10 mara 40, yaani 280. Kasi ni mita 16.7 kwa sekunde, sawa na kilomita 60 kwa saa.

Sasa nyesha mvua. Msuguano ushuke hadi 0.4. Unapata 160, kasi ni mita 12.6 kwa sekunde, kama kilomita 45 kwa saa. Ongeza mchanga uliomwagwa na lori, ushuke hadi 0.3. Unapata 120, kama mita 11 kwa sekunde, ambazo ni kilomita 39 kwa saa. Kona ni ile ile. Pikipiki ni ile ile. Kilichopungua ni mkono unaokushika.

Na tena kasi iko kwenye kipeo cha pili. Ukitoka 30 kwenda 60 hujaongeza mara mbili, umeidai barabara mara nne. Ukiwa na haraka, akili inaona namba imeongezeka kidogo tu kwenye mita ya spidi. Barabara inaona deni kubwa.

Mjomba akanyamaza. Halafu: "Kwa hivyo siku ile sikutupwa?"

"Hapana, mjomba. Uliachiliwa. Pikipiki ilitaka kwenda mbele moja kwa moja siku zote, ni barabara ndiyo huwa inaipinda. Siku ile ilishindwa."

"Afadhali ningetupwa," akasema. "Ningekuwa na wa kumlaumu."

Tulicheka, lakini aliendelea kuwaza. Akasema kitu ambacho naona ni cha maana kuliko alama zote za KCSE: miaka yote amekuwa akiiogopa kona, kumbe cha kuogopa ni kile kilicho chini ya tairi. Dereva anayeogopa kutupwa anakaza mwili na kujiandaa kupambana na kitu kisichokuwepo. Dereva anayejua ataachiliwa anaangalia mbele mapema: pale pana mchanga? Pana maji? Tairi langu ni kipara? Na anapunguza mwendo kabla ya kuingia kona, kwa sababu akifunga breki kali akiwa ndani, tairi lile lile linaombwa kufanya kazi mbili kwa msuguano ule ule.

Halafu akaharibu. Aliona tungamo limekatika kwenye hesabu, akauliza huku anatabasamu: "Si inamaanisha naweza kubeba mishkaki?" Hapana mjomba! Hesabu hiyo inachukulia pikipiki imetulia, tairi zima, dereva amelala vizuri na kona. Ukipakia watu watatu, mizani inabadilika, breki zinaelemewa, na mtu wa nyuma akiogopa anaegemea upande wa pili. Fomula haikukupa leseni.

Mdogo wangu alikuwa amekaa pale akiandika kila kitu, na hapo nikamrudisha kwenye ndoto yake. Maabara. Kwa sababu kama kuna mahali mwendo wa duara unafanya kazi ya kuokoa watu kila siku, ni maabara, na sisi wa Junju tunapaswa kulijua hilo kuliko wengi. Programu ya utafiti ya KEMRI na Wellcome Trust iko Kilifi mjini tangu 1989, na watoto wa Junju wamefuatiliwa na watafiti wake wa malaria miaka na miaka. Chupa ndogo za damu ya kijiji chetu zimepanda gari kwenda kule nyingi mno. Wazazi waliuliza, na wana haki kuuliza: damu hii mnaipeleka kufanya nini?

Sehemu ya jibu ni kwamba damu inazungushwa. Inawekwa kwenye mashine inayozunguka kwa kasi, na ndani ya dakika chache imetengana: chembe nyekundu chini, maji ya damu ya rangi ya manjano juu. Vimelea vya malaria vinavyomtia mtu homa huwa ndani ya chembe nyekundu. Kingamwili ambazo mwili umetengeneza kupigana navyo ziko kwenye yale maji. Ukitaka kujua mtoto anajikinga vipi, lazima uvitenganishe.

Piga hesabu. Tuseme mrija uko sentimita 10 kutoka katikati na mashine inazunguka mara 3,000 kwa dakika, yaani 50 kwa sekunde. Kasi ni 2 mara 3.14 mara 0.1 mara 50, ambayo ni mita 31.4 kwa sekunde. Izidishe yenyewe kwa yenyewe, gawanya kwa 0.1, unapata kama 9,860. Mvutano wa dunia ni karibu 10. Kwa hivyo mrija unahitaji kupindwa kwa nguvu karibu mara 1,000 ya uzito wake.

Watu husema chembe "zinatupwa" chini ya mrija. Uliza swali letu. Nani anazisukuma kuelekea kati? Maji ya damu yanajaribu, lakini chembe nyekundu ni nzito kuliko maji ya ujazo ule ule, na msukumo wa maji hautoshi kuzipinda. Basi zinateleza polepole kwenda nje hadi zikutane na kitako cha mrija, ambacho ni kigumu na kinaweza. Ni mjomba na mchanga, mwanzo mwisho. Tofauti ni kwamba hapa kuteleza ndiko tunakokutaka.

Mdogo wangu aliangalia daftari muda mrefu. "Kwa hivyo hii mada ninayoiacha ndiyo kazi yangu?" Sikumjibu. Alishajijibu.

Usiku umeme ulikatika na nyota zikajaa, kwa hivyo tukamaliza na kubwa kuliko zote. Panda matatu kwenda Malindi, pita mbele hadi Ngomeni. Baharini pale yako majukwaa ya San Marco, ambayo Waitaliano waliyatumia kurushia roketi kati ya 1967 na 1988. Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikitimiza miaka 7 ya uhuru, ilirushwa pale setilaiti ya NASA. Ilikuwa ya kwanza duniani kutengenezwa kwa kazi ya kutafuta eksirei kutoka angani peke yake, na kwa heshima ya siku hiyo ikapewa jina Uhuru. Neno letu, kutoka pwani yetu. Mwanasayansi aliyeongoza utafiti huo, Riccardo Giacconi, alipata Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2002 kwa kazi yake ya eksirei za angani.

Kwa nini hapa kwetu? Mwendo wa duara. Dunia inajizungusha, na aliye karibu na ikweta ndiye aliye kwenye duara pana zaidi. Sasa hivi ukiwa umekaa Junju unasafiri kuelekea mashariki kwa karibu mita 464 kwa sekunde, zaidi ya kilomita 1,600 kwa saa. Roketi ikielekezwa mashariki inaondoka na zawadi hiyo mfukoni.

Na ikifika juu? Uhuru ilizunguka zaidi ya kilomita 500 juu yetu. Tuchukue 540. Ukiongeza nusukipenyo cha dunia, duara lake lina nusukipenyo cha kama mita 6,920,000. Nani anaivuta kuelekea kati? Dunia, ambayo mvutano wake kule juu bado ni kama 8.3. Watu hudhani huko hakuna mvutano. Upo, na ndio unaofanya kazi yote. Kasi ya kipeo cha pili ni 8.3 mara 6,920,000. Kasi yenyewe ni karibu mita 7,600 kwa sekunde, na mzunguko mmoja ni kama dakika 95.

Angalia ulichofanya. Ndoo: 10 mara 0.9. Kona ya mjomba: 7 mara 40. Setilaiti: 8.3 mara 6,920,000. Tafuta kipeuo cha pili, umemaliza. Na setilaiti haianguki kwa sababu ile ile ya maji ya ndoo: inaanguka muda wote, ila dunia inapinda chini yake.

Sasa maoni yangu, kisha niwaache. Tunafundishwa mada hii kama ni mambo ya watu wa mbali, magari ya mashindano na bembea za bustani ambazo wengi wetu tumeziona kwa simu tu. Halafu tunashangaa binti wa Junju akisema si yake. Ni yake. Damu ya kijiji chake imezungushwa na fomula hiyo. Mjomba wake amevunjika bega nayo. Jina la lugha yake limepaa nayo kutoka baharini kwetu. Ukiwa na mdogo wako anayetaka kuacha, usimpe fomula nyingine. Mpe kamba na kidaka, na mwangalie anachora nini.

Wangu hakuacha. Siku niliyorudi Mombasa alifanya maswali matano ya mitihani ya nyuma. Akapata manne, na la tano alikosea kuzidisha tu. Mshale wa nje hakuchora hata mmoja.

Na wewe usitoke mikono mitupu. Gari dogo linazunguka raundabauti yenye nusukipenyo cha mita 20 kwa kilomita 36 kwa saa. Chukua msuguano wa 0.7 lami ikiwa kavu, na 0.4 ikinyesha. Je, litabaki njiani siku ya jua? Na siku ya mvua? Kabla ya kuandika fomula, niambie kwanza nani anayelisukuma kuelekea kati. Ukiniambia "kona", rudi ukaanze juu.